Bastola Zilizokataa Kula

Vijana, mimi niliharibu bastola nne mpya kwa mikono yangu miwili na tupa yangu moja, na bado watu wakaendelea kuniita Dokta. Msishangae. Daktari akiua mtu, ndugu wanakuja kulia. Fundi akiua chuma, nani atalia? Ndiyo maana nimefika pensheni na jina zuri hapa Likasi, isipokuwa kwa watu wawili: mlinzi mmoja aliyeitwa Kabeya, na mke wake. Habari zao ndizo nataka kuwapa leo, hata kama zinaniaibisha. Tena hasa kwa kuwa zinaniaibisha.

Nyinyi siku hizi mnafungua simu ya mtu, mnapuliza ndani, mnafunga, inawaka, mnasema "nimeitengeneza". Mmetengeneza nini? Hamjui. Msione haya, mimi pia nilikuwa hivyo, tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na cheti.

Nilikuwa ajusta, yaani fundi wa kulainisha na kusawazisha vyuma kwa tupa, katika kampuni ya madini ya serikali. Zilikuwa enzi zile za kuitana "sitwaye", yaani mwananchi, tunavaa abakosti, koti lisilo na tai, hata kwenye jua kali, na kila asubuhi tunaimba na kukata viuno mbele ya bendera kabla ya kushika kazi. Nilikuwa mcheza mbaya sana. Mke wangu, Mama Ilunga, alikuwa akisema kama nchi ingetegemea kiuno changu ingekuwa imeanguka zamani.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Chola, Mubemba mfupi mwenye meno mawili ya mbele na hasira za watu sita. Siku ya kwanza alinipa kipande cha chuma nikipige tupa mpaka kiwe mraba pande zote. Nikapiga. Akaweka kipimo cha pembe, akatazama mwanga unaopita, akasema, "Aka! Hii ni kiazi." Nikapiga tena. Upande huu ukinyooka, ule unapinda. Wiki tatu nzima! Siku nilipofaulu, kipande kilichoanza na ukubwa wa kibiriti kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi. Muzee akakidumbukiza mfukoni mwa shati langu.

"Chuma yenye unakata hairudiake," akaniambia. "Mbele ya kukata, angaria. Kisha angaria tena. Kisha wende kukunywa maji, urudie kuangaria."

Maneno mazuri. Niliyasahau siku aliyostaafu kwenda kulima mahindi Kapolowe.

Baada ya miaka wakanihamisha kwenye chumba cha silaha cha walinzi wa kampuni. Kilikuwa chumba kidogo chenye mlango wa chuma, dirisha la nondo, na mbele kaunta ya saruji ambapo walinzi walichukua bastola wakiingia zamu na kuzirudisha wakitoka. Nilifurahi kwa sababu moja tu: kulikuwa na kiti. Miaka kumi na mbili nilikuwa nimesimama.

Bastola za wakati huo zilikuwa za zamani, nzito, zimeachwa na wazungu. Hazikuwa na shida. Shida ilikuwa ni mimi. Siku moja mlinzi alirudisha silaha, nikahesabu risasi haraka haraka kwa sababu Mama Ilunga alikuwa amenifungia bukari, yaani ugali, na samaki wa Mwadingusha na harufu ilikuwa inanisumbua tangu asubuhi. Nikasaini. Mlinzi wa zamu iliyofuata akakuta risasi moja imebaki ndani ya shajeri. Shajeri ndiyo kile kisanduku chembamba cha chuma kinachobeba risasi na kuingia kwenye mpini wa bastola, Wafaransa wanasema chargeur. Shefu Kaumba, mkubwa wa walinzi wote, alinifokea nusu saa mbele ya watu. Mate yake yalifika hadi kwenye bukari yangu.

Nilikasirika. Na mtu mwenye kiburi akikosea, hajirekebishi, anatunga sheria. Nikaandika karatasi: kuanzia leo, kila mlinzi anaporudisha bastola atoe risasi zote, azipange juu ya kaunta, azihesabu kwa sauti, halafu ageuze shajeri mdomo chini na aigonge mara tatu juu ya saruji. Ko, ko, ko. Kama kuna risasi iliyobaki, tutaisikia ikicheza. Akichukua bastola, vilevile, ko, ko, ko, ndipo ajaze. Nikasaini, nikabandika ukutani, nikajiona waziri.

Shajeri zile za zamani zilikuwa za chuma kinene, ungeweza kupigia misumari. Walinzi wakacheka siku mbili tatu, halafu wakazoea. Ikawa desturi, kama vile ishara ya msalaba mlangoni mwa kanisa. Wengi waligonga kivivu, tik, tik. Lakini Kabeya! Kabeya aligonga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani kiziwi.

Huyu Kabeya alizaliwa hapa hapa Likasi, baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Mrefu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya parokia, watoto watano, wawili wakisoma kule Mulungwishi. Alikuwa mtu wa kutii amri mpaka anakuchosha. Ukimwambia simama hapa, kesho yake utamkuta bado amesimama. Nilimpenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo nilimcheka.

Halafu zikaja bastola mpya. Ziliingia na lori la asubuhi, ndani ya sanduku la mbao lenye nyasi kavu. Shefu Kaumba alilifungua mwenyewe, akainua moja juu kama padri na kalisi.

"Muone, basitwaye! Sasa tuko modern!"

Za kisasa, ndiyo. Na za bei rahisi. Rangi nyeusi ilitoka kidoleni ukishika sana. Ukizitikisa, kulikuwa na kitu kinacholia ndani. Shajeri zake zilikuwa za bati laini, nyepesi, nikasema moyoni hizi zimetengenezwa na mtu wa makopo ya dagaa. Nilisema moyoni tu. Kila mlinzi alipewa bastola na shajeri yake mwenyewe; shajeri chache za akiba zilikuja zimefungwa kwa karatasi ya mafuta, nikazifungia kabatini nisizitumie, kwani ndiyo akili ya bohari: kitu kizuri hakitumiki, kinafungiwa.

Mwezi wa kwanza zilifanya kazi vizuri. Mwezi wa pili zikaanza kugoma. Mlinzi akiwa kwenye kiwanja cha shabaha anapiga risasi ya kwanza, ya pili haipandi. Inatoka kwenye shajeri imeinua pua juu, inakwama njiani, haiingii ndani ya chemba, pale inapolipukia. Walinzi hawakuwa na jina la kifundi, walisema, "Dokta, hii kintu inakatala kula." Na hilo ndilo jina sahihi kuliko yote. Bastola ilikataa kula.

Sasa nisikilizeni vizuri namna Dokta alivyotibu.

Kwanza nilitia mafuta. Fundi asiyejua ugonjwa hutia mafuta. Nilitia mengi mpaka yakachuruzika kwenye suruali za walinzi, na lile vumbi letu la mawe ya shaba likashika humo likawa uji. Wake za walinzi walinitukana kwa kufua. Bastola hazikula.

Pili nilizilaumu risasi. Nikazifuta moja moja kwa kitambaa. Hazikula.

Tatu, ee Mungu nisamehe, nilichukua tupa. Ndani ya bastola kuna kimteremko kidogo ambacho risasi hukipanda ikielekea kwenye chemba. Nikakitazama mara moja. Mara moja tu, sikwenda kunywa maji. Nikasema, hiki kina makwaruzo, hiki ndicho adui. Nikapiga tupa, nikapiga msasa, kikang'aa ukajiona. Bastola ya kwanza ikawa mbaya zaidi. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema labda sikupiga ya kutosha, nikaongeza kwenye ya pili. Nikaendelea mpaka ya nne. Ile ya nne nilikata mpaka kimteremko kikapoteza umbo lake, haikupona tena, wala yoyote katika zile nne. Niliziandika kwenye daftari: "Zimechakaa." Zilikuwa na miezi miwili.

Nne, nilipoishiwa vya kulaumu, nikalaumu watu. Na hapa palikuwa na ukweli kidogo, ndio ubaya wake. Mtu akishika bastola kwa mkono legevu, kweli inaweza kukwama, kwa sababu chuma cha juu hakipati nguvu ya kurudi nyuma vizuri. Niliposikia hilo kwa fundi mmoja wa Lubumbashi nilifurahi kama nimeokota almasi. Toka siku hiyo kila mlinzi aliyelalamika nilimjibu, "Mukono yako iko legelege. Kula mingi." Hakuna jibu tamu kama lile linalomwacha fundi ameketi kitini.

Basi, siku moja, saa tisa mchana, jua kali, Kabeya alikuwa zamu kwenye lango la nyuma la bohari ya nyaya za shaba. Watu watatu wakaruka ukuta na kuanza kuvuta gombo la waya. Kabeya akawapigia kelele, akapiga risasi moja hewani. Wakatupa gombo, wakajiandaa kukimbia. Akataka kupiga ya pili hewani: kimya. Bastola imekataa kula. Wale jamaa wakamwona anavyohangaika nayo, wakarudi, wakachukua gombo lao taratibu, mmoja akampungia mkono wa kwaheri, wakaondoka.

Katika nchi nyingine hiyo ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Miaka ile kulikuwa na neno moja ambalo likitamkwa ofisini watu waliacha hata kupumua: sabotaji, yaani hujuma. Shefu Kaumba alilitamka. Alisema Kabeya alielewana na wezi, akaikwamisha bastola makusudi. Akamsimamisha kazi palepale, akatia ile shajeri ndani ya bahasha kama ushahidi, akaniletea bastola peke yake.

"Dokta, pima. Andika. Tume ya Lubumbashi inakuya siku ya Jumatatu."

Mnaelewa lililokuwa pale? Tume ikimkuta na hatia, Kabeya anafukuzwa kazi, na anayefukuzwa anatoka kwenye nyumba ya kampuni, watoto wanatoka shuleni, hospitali ya kampuni haiwapokei tena. Na hilo ndilo la nafuu. Neno sabotaji lingeweza kumpeleka kwa watu wengine ambao hatukuwa tunawataja, na ambao waliokwenda kwao hawakurudi na hamu ya kuimba kwaya.

Nikapima. Kwa kuwa shajeri ya Kabeya ilikuwa kwenye bahasha ya Shefu, na mimi nilikuwa mvivu wa kupanda ngazi kwenda kuiomba, nikafungua kabati, nikachukua moja ya akiba kwenye karatasi yake ya mafuta. Nikaijaza, nikaenda kwenye kiwanja cha shabaha, nikapiga. Bastola ikala risasi zote, haikuacha hata moja. Nikarudi mbio kwenye kaunta, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Silaha nzima. Kosa ni la aliyeitumia." Nikasaini.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kalamu hawakuitaja, labda hawakudhani kuna mjinga atakayejikwaa nayo.

Kesho yake Kabeya akaja dirishani, bila sare, na shati la Jumapili. Alisimama upande wa nje wa nondo kama mtu aliyekuja kumtembelea mfungwa.

"Dokta, minye sikugusa kintu. Unaniyua. Niliishika vile ulitufundisha. Angaria tena, baba."

"Nilishaangaria," nikasema. "Bunduki iko muzima. Inakula kama nguruwe."

"Kwa mukono yako. Mu yangu inakatala."

"Basi shida ni mukono."

Akautazama mkono wake. Sikuweza kumtazama usoni, nikajifanya ninapanga tupa zangu. Akasema, "Muke yangu anafunga bintu, Dokta. Banamuambia atoke mu nyumba." Akaondoka. Mimi nikakaa kitini, na kile kiti kwa mara ya kwanza kiliniuma.

Jumamosi mchana, zamu zinabadilishana. Nilikuwa nimeketi, walinzi wanapita mmoja mmoja. Ko, ko, ko. Hesabu. Ko, ko, ko. Mlinzi mmoja, jina lake Ngoie, alikuwa anajaza shajeri yake. Alipoisukuma risasi ya mwisho, risasi ya juu ikaruka nje yenyewe, ikaviringika juu ya kaunta mpaka kwenye kiwiko changu.

"Mukono legelege!" nikamkaripia, maana nilikuwa nimezoea.

Ngoie akaudhika. "Mukono gani, Dokta? Hata sijaitia mu bunduki! Hii shajeri iko inatapika vile. Tangu tulianza kuigonga."

Nikaichukua. Nikaigeuza kwenye mwanga. Vijana, juu ya shajeri kuna midomo miwili ya chuma inayoishika risasi ya juu isitoke kabla ya wakati wake. Mdomo mmoja wa shajeri ya Ngoie ulikuwa umefunguka nje. Kidogo sana, kama unene wa karatasi mbili tatu. Nikachukua kipimo, nikapima. Nikafungua kabati, nikachukua ile ya akiba, nikapima. Tofauti ipo.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile, nilifanya kazi ya fundi. Nilikuwa nimechonga risasi za mbao za kufanyia majaribio, zisizoweza kulipuka. Nikatia shajeri mpya ndani ya bastola iliyosemekana mgonjwa: ikala. Nikatia shajeri ya Ngoie ndani ya bastola iliyosemekana nzima: ikakwama, pua juu. Nikabadilisha tena, na tena. Popote ilipokwenda shajeri, ugonjwa uliifuata. Bastola hazikuwa na kosa. Kimteremko hakikuwa na kosa. Jambo hili lilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na ningelifanya siku ya kwanza. Badilisha kitu kimoja, acha vingine, tazama ugonjwa unakwenda na nani. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, nawapa bure.

Lakini nani aliipinda midomo? Nilikuwa tayari kumlaumu aliyezitengeneza. Nikachukua shajeri mpya, nikaigeuza mdomo chini, nikaanza kuigonga kwenye saruji. Ko, ko, ko. Nikaendelea kugonga mpaka kiganja kikawaka moto na Ngoie akadhani nimepandwa na pepo. Nikapima. Mdomo umefunguka. Nikaitia bastolani: pua juu.

Nikainua macho ukutani. Karatasi ilikuwa pale, na saini yangu chini yake, yenye mkia mrefu.

Nikapanda ngazi kwenda kwa Shefu, nikamwambia nataka kukamilisha ripoti, anipe bahasha. Shajeri ya Kabeya ilikuwa mbaya kuliko zote. Bila shaka. Waliogonga kivivu, zao zilipona nusu. Aliyetii kwa moyo wote ndiye aliyeharibikiwa kabisa. Nilikaa na ile shajeri mkononi, nikajisikia vibaya, vijana, vibaya sana, kama nimemla mtu.

Mnadhani nilikimbia kumwambia Shefu? Hapana. Nilirudisha bahasha, nikashuka, nikabandua karatasi ukutani, nikaikunja na kuitia mfukoni. Nilifikiri hivi: Jumapili nitainyoosha midomo yote kwa koleo, mmoja mmoja, nani atajua? Bastola zitakula, nitaitwa Dokta zaidi. Na Kabeya? Nikasema Mungu mkubwa. Mtu akitaka kukimbia wajibu wake humkabidhi Mungu kazi nyingi sana.

Jumapili baada ya misa, mezani, nikamweleza Mama Ilunga. Nilimweleza kama kichekesho. Alicheka! Alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Yaani weye mwenyewe njo ulibagongesha? Kisha unakata bunduki na tupa? Yoo, mamayo! Dokta wangu!"

Nikacheka naye. Halafu akaacha kucheka, ghafla, akajifuta macho kwa kitenge.

"Na Mama Kabeya," akasema, "leo nilimuona mu misa. Ye anacheka?"

Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Hakusema kitu kingine mpaka asubuhi, na nyinyi hamumjui Mama Ilunga: kunyamaza kwake ni kazi ngumu kuliko kunyamaza kwa mto.

Jumatatu tume ikaja, wanaume watatu wenye mabegi. Kabeya alisimama katikati ya ofisi, mikono nyuma. Shefu Kaumba akasoma ripoti yangu kwa sauti. Alipofika "kosa ni la aliyeitumia", nikainua mkono kama mwanafunzi anayetaka kwenda chooni.

"Hiyo ripoti," nikasema, "iliandikwa na mjinga."

Shefu akanitolea macho. Mkubwa wa tume akauliza, "Mjinga yupi?"

"Huyu."

Nikatoa karatasi mfukoni, nikaifungua, nikawasomea amri yangu. Nikaomba bahasha. Nikawaonyesha midomo. Nikaomba nijaribu, kwa risasi zangu za mbao: shajeri mpya, ikala, shajeri ya Kabeya, ikakwama. Nikainama, nikagonga shajeri mpya kwenye sakafu ya ofisi, ko, ko, ko, nikiwa nimepiga magoti na abakosti yangu, jasho linanitoka, mbele ya wakubwa wa Lubumbashi. Mmoja wao alianza kutikisika mabega. Kisha wote watatu wakacheka. Shefu Kaumba alipoona wakubwa wanacheka, naye akacheka, ingawa macho yake yaliniambia tutaonana.

Na kweli tulionana. Sikupanda cheo tena mpaka nastaafu, na kile kiti kikachukuliwa wiki hiyo hiyo. Ni haki.

Tume ikasema mlinzi arudi kazini, mambo yameisha. Wakafunga mabegi. Nikatoka nje kifua mbele. Nawaambia ukweli, nilijiona shujaa. Nimemwokoa mtu! Nikamfuata Kabeya uani, nikamnyooshea mkono.

Hakuupokea.

"Uliniandika," akasema. Sauti yake haikupanda. "Leo unasema na kinywa. Kinywa inapita na mupepo, Dokta. Ile karatasi yako iko mu dosye yangu. Kesho shefu mwingine atakuya, atafungua dosye, atasoma nini?"

Nikasimama na mkono wangu hewani. Nilikuwa nimesema mbele ya wakubwa watatu, nikadhani inatosha. Yeye ndiye aliyekuwa anaijua nchi yetu.

Tukaenda pamoja kwenye chumba cha silaha. Nikaweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikaandika nikiwa nimesimama, yeye upande wa pili wa kaunta. Nilianza na maneno mengi: kutokana na hali ya, kwa kuzingatia kwamba. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya maneno yale.

"Andika vile iko."

Nikachana, nikaanza upya. Mistari minne. Nikasaini. Akasoma polepole, midomo ikitembea. Ya juu tukaipeleka ofisini, tukasimama mpaka karani akaitia kwenye dosye, yaani faili la Kabeya. Nakala ya kaboni nilidhani ataitia mfukoni. Akanirudishia.

"Muke yangu hayue kusoma," akasema. "Kuya umusomee."

Nyumba yake ilikuwa karibu, safu ya tatu. Vitu vilikuwa nje tayari: godoro limefungwa kwa kamba, sufuria ndani ya karai, picha ya ndoa imelazwa juu ya mikeka. Mama Kabeya alikuwa ameketi juu ya furushi, majirani wamesimama milangoni mwao kwa mbali, kwa kuwa siku zile hakuna aliyetaka kuonekana karibu na nyumba iliyotajwa lile neno. Alinitazama. Hakunikaribisha, na hapakuwa na pa kunikaribisha, viti vyote vilikuwa vimefungwa.

Nikasoma. Kwamba sitwaye Kabeya alitumia silaha yake kama alivyofundishwa. Kwamba shajeri iliharibiwa na amri ya kuigonga. Kwamba amri hiyo niliitoa mimi. Kwamba ripoti yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo, na kosa ni langu.

Nilisoma kwa sauti ndogo. Nilipomaliza nikaikunja karatasi, nikataka kumpa.

Hakuipokea. Aligeuka, akawatazama wale majirani milangoni, mmoja mmoja, kisha akanirudia mimi.

"Soma tena," akasema. "Na nguvu."